Imamu Abu Yusuf na Haki ya Mtuhumiwa

Mwezi uliopita, usiku wa manane, askari waliingia nyumba moja katika mtaa wetu wakamchukua kijana wa watu. Asubuhi yake, kabla mama mtu hajajua mwanawe kapelekwa kituo gani, barazani hukumu ilikuwa imekwisha kupita. Mmoja alisema kuwa pafukapo moshi pana moto. Wa pili akasema kwamba askari hawamshiki mtu bure. Wa tatu akamrudia kijana yule tangu utotoni mwake, akaona ya kuwa siku zote alikuwa na dalili mbaya. Siku ya nne kijana akarudi kwao, hakushitakiwa kwa lolote, na mgongo wake haulaliki. Baraza ilinyamaza kidogo, kisha ikaingia katika habari za bei ya samaki. Na sisi tunaoandika haya tulikuwapo pale siku ya kwanza, wala hatukufumbua mdomo.

Ndiyo sababu katika darasa letu la baina ya Magharibi na Isha tuliweka kando kitabu tulichokuwa nacho, tukasoma maisha ya Imamu Abu Yusuf, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ndugu waliokosa darasa wametutaka tuyaandike, nasi tunayaandika kwa maneno yetu wenyewe, kwa kadiri nafasi ya waraka huu itakavyoruhusu.

Sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, jina la Abu Yusuf hulisikia katika mas-ala ya khitilafu tu: Abu Hanifa kasema hivi, sahibu yake kasema vile, kisha mwalimu hupita njia yake. Ni wachache wanaojua alikuwa mtu gani, na ni wachache zaidi wanaojua kwamba Imamu wetu mwenyewe alivitia ndani ya Kitabul-Umm vitabu viwili vya mtu huyu, akavijadili mas-ala baada ya mas-ala, kama mtu anavyojadiliana na mwenziwe anayemheshimu.

Jina lake ni Yaakub bin Ibrahim, na nasaba yake yarejea kwa sahaba Saad bin Habta katika Ansari. Alizaliwa mji wa Kufa, katika nchi ya Iraki, mwaka 113 wa Hijra, yaani 731 wa Miladi, zama za Bani Umayya. Kwao walikuwa mafukara. Juu ya ufukara huo wanazuoni wa tarekhe wamepokea riwaya mbili, nazo hazikubaliani. Katika riwaya moja baba yake yu hai, naye anamkataza kukaa sana katika darasa la Imamu Abu Hanifa, kwa kuwa Abu Hanifa ni mfanya biashara ya nguo ambaye mkate wake umekwisha kuiva, na wao wanahitaji kutafuta cha kula. Kijana akamtii babake, akaacha kwenda. Abu Hanifa alipomwona tena alimwuliza sababu, na darasa lilipokwisha na watu wakaondoka alimpa mfuko wenye dirhamu mia, akamwambia ahudhurie darasa, na zikimwishia amwarifu. Kijana hakumwarifu hata mara moja, maana kila zilipokaribia kwisha mfuko mwingine ulikuja wenyewe, kana kwamba mwalimu alikuwa akihesabu pamoja naye.

Katika riwaya ya pili babake amekwisha kufa, na mama ndiye amlishaye kwa kusokota nyuzi. Alimtia kwa fundi wa kufua nguo ajifunze kazi, naye kila siku akimtoroka fundi akaenda zake darasani. Mama akamwendea Abu Hanifa kwa hasira, akamlaumu kwamba anamharibia mtoto yatima. Imamu akamjibu kuwa mtoto huyu hapa anajifunza namna ya kula faludhaji iliyopikwa kwa mafuta ya fustuki. Hiyo ni tamutamu ya wafalme. Sisi watu wa pwani tungeihesabu katika jamaa za halua. Mama akaondoka akiona kuwa mzee huyu amekwisha kupotewa na akili. Miaka mingi baadaye Abu Yusuf aliketi mezani pa Khalifa Harun Rashid, ikaletwa sahani, Khalifa akamhimiza ale kwa kuwa kitu kile hakipikwi kila siku. Akauliza ni kitu gani, akaambiwa. Akacheka. Khalifa akataka kujua kilichomchekesha, naye akamhadithia.

Riwaya iliyo sahihi zaidi Mungu ndiye ajuaye. Zote mbili zinakutana katika jambo moja, kwamba imamu yule alikuwa na mali, na mali hiyo ilitoka ikaenda kwa mwanafunzi maskini kabla ya kwenda kwenye jambo lolote jingine. (Matajiri wetu washindanao kwa urefu wa minara wasipaharakishe mahali hapa.)

Lakini kwa mas-ala yetu ya leo, faludhaji si kitu kikubwa. Kikubwa ni kile alichokiona kwa mwalimu wake. Mwisho wa dola ya Bani Umayya, Ibn Hubayra, liwali wa Iraki, alimtaka Abu Hanifa aingie katika kazi ya serikali. Imamu alikataa, akapigwa mijeledi kwa siku nyingi mfululizo, na Abu Yusuf wakati huo alikuwa kijana wa miaka kumi na kitu. Kisha wakaja Bani Abbasi. Watu walitaraji nafuu, na Khalifa Mansur akamtaka Abu Hanifa awe kadhi. Akakataa tena, akatiwa jela ya Baghdad. Alikufa mwaka 150, na riwaya zimehitilafiana kama alifia ndani au alitolewa kidogo kabla ya kufa. Kwa hivyo Abu Yusuf alipokuja kuandika habari za mijeledi na jela hakuwa akiandika mambo ya kusikia mbali. Mgongo aliouona umechanwa ulikuwa mgongo wa mtu aliyemlisha.

Na tutaje sifa yake nyingine, maana bila ya hiyo mtu hatamfahamu. Watu wa Kufa walikuwa wakipima swaa, kile kipimo tutoleacho zakatul-fitri, kuwa ni ratili nane. Abu Yusuf alishika neno hilo kama walivyolishika walimu wake. Alipokwenda Madina akakutana na Imamu Malik, watu wa Madina wakamletea vibaba vyao walivyorithi kwa baba zao, na baba zao walivirithi kwa waliotoa zaka mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Akavipima, akakuta ratili tano na thuluthi. Palepale akaiacha kauli ya mwalimu wake aliyempenda kuliko watu wote, akaishika bayana iliyokuwa mbele ya macho yake. Mtu wa namna hii, ambaye kauli aliyoilea miaka yote huiacha kwa kibaba kimoja kilichopimwa, hatakubali kwamba binadamu afungwe kwa dhana ya askari.

Katika zama za Khalifa Mahdi aliukubali ukadhi wa Baghdad, akaendelea nao kwa Hadi na kwa Harun Rashid aliyeshika ukhalifa mwaka 170, yaani 786 wa Miladi. Harun alimpandisha akawa juu ya makadhi wote wa dola, naye ndiye mtu wa kwanza katika Uislamu kuitwa Kadhi wa Makadhi. Alipata cheo na mali nyingi, na watu walimsema. Wako waliomlaumu kuwa alikikubali kitu kile kile ambacho mwalimu wake alikufa akikikataa. Wako waliozua visa vya hila za sheria alizowatengenezea wakubwa. Visa hivyo vimejaa katika vitabu vya mazungumzo na vingi havina msingi, nasi hatutavirudia.

Darasani kwetu mas-ala haya yalizua mabishano makali, na hatukuafikiana. Vijana wengi walimtetea Abu Hanifa, wakasema mwanachuoni akikanyaga zulia la mfalme ulimi wake huwa mzito. Sisi tunaona neno lao lina haki, na jela ile ya Baghdad ni shahidi wake. Lakini tunaona pia kwamba zilihitajika zote mbili, subira ya yule aliyekataa na kalamu ya huyu aliyekubali, kwa sharti kwamba aliyekubali aseme anapotakiwa kusema. Na Abu Yusuf alisema. Harun alimtaka amwandikie kitabu cha kumwongoza katika kodi za ardhi, zaka, jizya na mambo ya raia, akaandika Kitabul-Kharaji, kitabu ambacho tunacho mpaka leo. Khalifa alitaraji kuletewa hesabu za mapato. Aliletewa hesabu, na pamoja nazo akaletewa habari za mambo yafanywayo kwa jina lake ambayo hakuna mtu mwingine wa mezani pake aliyethubutu kumtajia.

Kwanza alimweleza wale watu wanaoandamana na watoza kodi. Liwali huzungukwa na jamaa ambao si wema, akawatuma kwa raia. Nao wakifika hudai ujira wao juu ya ile kodi, huwapiga watu, huwasimamisha juani, huwatundika mitungi, huwafunga minyororo inayowazuia hata kusali. Abu Yusuf akayahesabu yote haya kuwa ni maovu makubwa mbele ya Mwenyezi Mungu, na akataka ujira wa askari utoke katika hazina, usitoke mfukoni mwa yule anayeendewa. Msomaji wetu ambaye amepata kusimamishwa njiani akaombwa ya chai hana haja ya sherehe mahali hapa.

Kisha akaingia katika habari za wezi, wahalifu na watuhumiwa, na hapa ndipo palipotufanya tukisome kitabu chake.

Alimwandikia Khalifa kwamba imemfikia habari kuwa mtu kwa tuhuma tu hupigwa mijeledi mia mbili na mia tatu, pungufu au zaidi. Akamwambia wazi kuwa jambo hilo si halali wala hakuna nafasi ya kuliruhusu, kwa kuwa mgongo wa mwenye imani ni kitu kilichohifadhiwa. Haufunuliwi ila kwa haki iliyothubutu, kama hadi ya sheria au adabu iliyo wajibu baada ya bayana. Wala si halali mtu kutiwa jela kwa sababu mtu mwingine amemtuhumu. Mtume hakuwa akiwashika watu kwa kutuhumiwa. Yapasa mdai na mdaiwa wakutanishwe. Mdai akiwa na bayana juu ya dai lake ihukumiwe, na asipokuwa nayo mdaiwa atolewe dhamana aende zake. Mdai akileta kitu baadaye, basi mwenyewe yupo na mdhamini wake yupo.

Ama kukiri, Abu Yusuf aliliziba tundu ambalo madhalimu wa kila zama hupitia. Anayedhaniwa wizi au jambo jingine asipigwe, asitishwe wala asiogofywe ili aseme. Na ikiwa amefanyiwa hayo kisha akakiri wizi, au kosa lenye hadi, au hata kuua, kukiri kwake si kitu. Hakatwi mkono kwa maneno yale, wala hashikwi kwayo. Akaleta ushahidi wa masahaba. Kwa Sayyidna Umar imepokewa kuwa mtu hana amani ya nafsi yake kwamba hatajisingizia, akiwa ameshindishwa njaa, au ametishwa, au amefungwa. Na huko Sham alishikwa mtu kwa tuhuma ya wizi, akapigwa, akakiri. Mkubwa wa mahali pale akampeleka kwa Abdalla bin Umar kutaka fatwa, naye akasema asikatwe, kwa sababu hakukiri ila baada ya kupigwa.

Na asidhani mtu kwamba Abu Yusuf alikuwa mpole kwa wahalifu. Sivyo. Katika kurasa hizo hizo anamhimiza Khalifa zisimamishwe hadi za sheria kwa aliyethubutu juu yake kosa, naye anaona kuwa zikisimamishwa waovu wataogopa na jela zitapungua watu. Anachokikataa ni adhabu kutangulia mbele ya bayana. Askari kazi yake ni kumleta mtu mbele ya kadhi, na fimbo yake haina ruhusa ya kuhukumu njiani.

Kuhusu jela zenyewe alikuwa na neno moja ambalo tungependa liwafikie wote wenye funguo. Alisema kwamba watu wa jela huwa wengi kwa sababu mambo yao hayatazamwi. Ni kufunga tu, hapana kuangalia. Akamtaka Khalifa awaamrishe maliwali wote wayatazame mambo ya wafungwa kila baada ya siku chache: mwenye kustahiki adabu aadibiwe aachwe, na asiye na kesi afunguliwe.

Zama zile mfungwa asiye na jamaa alikuwa hana wa kumlisha. Wafungwa walikuwa wakitolewa nje na minyororo miguuni waombe sadaka njiani, siku nyingine wakapata na siku nyingine wasipate. Abu Yusuf aliliona hili kuwa jambo zito mno. Watu waliokosa wakapatwa na lililowapata, kisha Waislamu wawatembeze kwa minyororo wakiomba! Alimkumbusha Khalifa kwamba hakuna mwanadamu aliyevuliwa makosa, na kwamba hadhani hata makafiri huwatenda hivyo mateka wa Kiislamu walio mikononi mwao. Akataka kila mfungwa apewe dirhamu kumi kila mwezi kutoka hazina.

Na hapa alionyesha kuwa anazijua serikali. Hakutaka wapelekewe mikate, kwa kuwa mikate ikipelekwa italiwa na wakuu wa jela na walinzi wao. Alitaka fedha, na atafutwe mtu mwema mwaminifu, awe na daftari lenye majina, aketi mwenyewe kila mwezi, aite jina baada ya jina na kuitia fedha mkononi mwa mwenyewe. Aliyekwisha kufunguliwa fungu lake lirudi hazina. Wakati wa baridi wapewe kanzu na shuka nzito, na wakati wa joto kanzu na kikoi. Na wanawake nao wapewe nguo zao na mitandio yao ya kujisitiri. Akamtajia pia waraka wa Umar bin Abdulaziz kwa watumishi wake, kwamba Mwislamu asifungwe kwa minyororo hata asiweze kusali wima, wala asilazwe usiku na pingu ila mtu anayetakiwa kwa damu.

Hata maiti hakumsahau. Ilimfikia habari kwamba mgeni akifa ndani hukaa siku moja au mbili hajazikwa, mpaka liwali atoe ruhusa na wafungwa wenziwe wachangishane vya kumkodia mchukuzi. Kisha hufukiwa bila ya kuoshwa, bila ya sanda, bila ya kusaliwa. Akaamuru maiti wa namna hiyo aoshwe, akafiniwe kwa mali ya hazina, asaliwe na azikwe. Tulipofika hapa darasani mzee mmoja alivua kofia yake akaishika mkononi, hakusema kitu mpaka tulipoadhiniwa Isha.

Mwisho wa mashauri yake ni Khalifa mwenyewe aketi kusikiliza waliodhulumiwa, kikao kimoja tu kwa mwezi au kwa miezi miwili. Alimweleza kwamba habari ya vikao hivyo itasafiri hata miji ya mbali, na kila dhalimu ataogopa jina lake lisije likatajwa mbele ya Khalifa. Hata wangejua kuwa anakaa siku moja tu kwa mwaka, wangejizuia.

Je, Harun aliyatenda yote hayo? Waandishi wa tarekhe hawakutuachia daftari la dirhamu kumi. Twajua kwamba alikiweka kitabu na kumweka mwandishi wake katika cheo chake mpaka kufa, na twajua kuwa jela zake hazikuwa tupu.

Huenda msomaji akasema hayo ni mambo ya Baghdad, miaka elfu na mia mbili iliyopita. Basi na aisome Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Sisi si mawakili, lakini imetafsiriwa kwa Kiswahili na kusoma tunajua. Kifungu cha 49 kinataka aliyeshikwa aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, asilazimishwe kukiri, apelekwe mahakamani upesi iwezekanavyo, isipite saa 24, au ikiwa muda huo umeishia siku isiyo ya mahakama basi siku ya mahakama ifuatayo. Na apewe dhamana isipokuwa pana sababu nzito ya kumzuia. Kifungu cha 50 chaamuru ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu ukataliwe ikiwa kuupokea kutaiharibu kesi au haki. Kifungu cha 51 ni cha walio kizuizini na jela. Mama wa kijana wetu hakujua hata kimoja katika hivi, na aliyekuwa zamu kituoni hakumwambia.

Na lazima tuseme na lililo letu, kwa kuwa ni rahisi kumnyoshea askari kidole. Ikipigwa kelele ya mwizi sokoni mwetu, ni nani anayekwenda mbio na jiwe? Hatuulizi aliyepiga kelele kaona nini, hatumkutanishi na anayemshitaki. Twapiga kwanza, na mara nyingine twaua, kisha twaingia msikitini na mikono ile ile. Yote ambayo Abu Yusuf alimkataza nayo liwali mwenye jeshi, sisi twayafanya bila ya uliwali. Mtu anayeona raha kumpiga aliyetuhumiwa sokoni hana ulimi wa kumlaumu anayempiga kituoni.

Yako na madhara mengine ya tuhuma ambayo hayana damu, na Abu Yusuf mwenyewe yalimpata baada ya kufa kwake. Kimeenea kisa, hata katika baadhi ya vitabu vya sifa za Imamu Shafi, kwamba Shafi alipoletwa kwa Harun kutoka Yaman, Abu Yusuf na mwenziwe Muhammad bin Hasan walimchochea Khalifa amwue kwa husuda. Tumekisikia kisa hiki kikisomwa hapa pwani kwa sauti nzuri na machozi. Ni uwongo. Imamu Shafi aliletwa mwaka 184, katika minyororo, pamoja na watu waliotuhumiwa kutaka kumpindua Khalifa, na Abu Yusuf alikuwa amekwisha kufa miaka miwili kabla. Ibn Kathir na Ibn Hajar, nao ni Mashafi, wamekikanusha. Muhammad bin Hasan ndiye aliyemwombea Imamu wetu mbele ya Khalifa akasalimika, kisha akawa mwalimu wake. Tumeishi miaka mingapi tukimtukana aliyemwokoa Imamu wetu, kwa neno ambalo hakuna aliyelitakia bayana!

Abu Yusuf alikufa Baghdad mwaka 182, yaani 798 wa Miladi. Imepokewa kwamba alipokuwa akikata roho alimlalamikia Mola wake jambo moja. Alisema kuwa katika hukumu zake zote hajapata kumwelemea mmoja wa wadai, hata kwa moyo, ila katika kesi moja. Mnasara mmoja alikuwa amemshitaki Harun Rashid. Khalifa alikuwa amekaa juu ya kiti chake, na kadhi hakuweza kumwamrisha ashuke akae sawa na mdai wake. Aliisikiliza kesi hivyo hivyo, akahukumu haki ni ya Mnasara, dhidi ya Khalifa. Mnasara alikwenda na haki yake. Lakini kadhi alilia kwa kile kimo cha kiti.

Alizikwa katika makaburi ya Makureshi, upande wa magharibi wa Baghdad, na msikiti wake upo hapo mpaka leo. Mwaka uliofuata, 183, katika makaburi hayo hayo aliletwa Sayyid Musa Kadhim, wa kizazi cha Mtume, aliyefia katika kizuizi cha Harun, mikononi mwa Sindi bin Shahik, mmoja wa wakuu wa polisi wa Khalifa. Hakuna bayana iliyopata kusomwa juu yake mbele ya kadhi yeyote. Mwenye kwenda kumzuru mmoja wao hupita karibu na mwenziwe.